Profoma ya simu za ofisi imejaa herufi tupu, nisaidieni kuisoma

Dada wa Pembejeo (Mwanjelwa, Mbeya) ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua simu za maofisini.

Nipo utawala kwenye kampuni ya jumla ya pembejeo hapa Mwanjelwa: mbolea, mbegu, dawa za mimea, mabomba ya kupulizia. Ofisi na duka viko hapa, stoo iko Uyole, tawi liko Makambako. Tuna namba ya mezani ya 025 ya miaka mingi, imeandikwa kwenye risiti, kwenye kalenda tunazogawa na ubavuni mwa Fuso. Inaingia kwenye simu moja tu, ya mapokezi. Mvua za kupandia zikikaribia simu hiyo haipumui. Mkulima wa Mbozi anataka kujua kama mbolea ya DAP imeshuka bei, wakala wa Chunya anauliza deni lake, dereva amekwama Igawa, wote wanagombea laini moja. Waliochoka kusubiri wanapiga simu za mkononi za wafanyakazi, na mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na wateja kwenye simu yake.

Bosi ameita kampuni mbili zilete bei. Nanakili yaliyoandikwa, bei siziweki.

Profoma A: IP PBX ya watumiaji 50, simu za IP 14 (Mwanjelwa 8, Uyole 2, Makambako 4), swichi moja ya PoE ya poti 24, poti 4 za FXO, poti 2 za FXS, SIP tranki ya chaneli 8, DID 10, IVR ya ngazi 3, foleni ya simu, voisimeili, kurekodi simu, leseni za softifoni 10, usanidi wa QoS, kodeki G.711 na G.729, sauti ya HD.

Profoma B ni fupi: PBX ya wingu, ekstensheni 14, malipo ya kila mwezi kwa kila ekstensheni, "huduma zote zimo".

Nilimwomba kijana wa mauzo wa A anifafanulie, akafafanua herufi kwa herufi nyingine. Bosi anataka maoni yangu Jumatatu, na mimi nimesomea utunzaji wa kumbukumbu. Kipi ni kipi hapo, na kipi naweza kukipiga mstari bila kuharibu kitu? Natanguliza shukrani.


Kijana wa Soweto amejibu:

Dada yangu, mezani karne hii? Nunueni simu tano za laini mbili, wekeni WhatsApp ya biashara, kila idara na simu yake. Hela inayobaki mpeleke Fuso gereji.


Babu Waya (Iringa) amejibu:

Kamwene dada. Kijana wa Soweto hajakosea yote, nitafika kwenye simu za mkononi. Ila simu tano ni namba tano, na kalenda za wakulima zina namba moja.

Mimi ni fundi simu, nilianza na waya wa shaba na kupanda nguzo, siku hizi nafunga hizi za IP huku Iringa, Mafinga hadi Makambako. Profoma kama hiyo naisoma kwa kuuliza kila mstari swali moja: hiki nalipa mara moja, nalipa kila mwezi, au ni pambo linalokuja na mtambo wowote? Ukishapanga hivyo herufi zinaacha kutisha, maana nyingi ni mapambo. Shika kalamu.

PBX ni mtambo mdogo wa simu wa ofisi yenyewe. Unafanya kazi mbili: simu za ndani zipigiane bila kulipia, na watu wengi wagawane laini chache za nje. Ile IP iliyowekwa mbele inakuambia kwamba sauti inapita kwenye kebo za mtandao, zilezile za kompyuta, badala ya waya wake wa pekee. Simu yako inaikata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde kila upande, na simu ya upande wa pili inaviunga. "Watumiaji 50" ni uwezo wa boksi, hulazimiki kuwa nao. Swali la maana zaidi ni hili: linabeba mazungumzo mangapi kwa wakati mmoja? Hilo halikuandikwa, liulize.

Ekstensheni ni namba ya ndani ya kila simu. Mapokezi 100, mhasibu 101, Uyole 201, Makambako 301. Hapa ndipo IP inapolipa: Makambako ikiunganishwa kwenye mtambo wa Mwanjelwa, 301 inalia kama iko chumba cha pili. Hupigi 026, na mazungumzo hayo hayaingii kwenye bili ya simu. Mnachotumia ni intaneti ya pande mbili, ambayo nadhani mnayo kwa ajili ya mauzo.

SIP huwezi kuinunua dukani. Ni utaratibu ambao simu na mitambo inautumia kuitana: naita, inalia, amepokea, amekata. Ulitolewa rasmi 1999, na toleo linalotumika mpaka leo ni la 2002. Faida yake kwa mnunuzi ni kwamba simu ya mtengenezaji huyu hufanya kazi kwenye mtambo wa yule. Kwa hiyo waulize A: simu zenu 14 zitakubali mtambo mwingine baadaye, au zimefungwa kwenu? Wakianza kuzunguka, ujue jibu.

SIP tranki ndiyo laini ya nje. Unainunua kwa mtoa huduma mwenye leseni, inakuja kwa intaneti au faiba, unalipa kila mwezi. Chaneli ni idadi ya watu wanaoweza kuzungumza na nje kwa wakati mmoja. Fikiria madirisha ya benki: wateja ni mamia, madirisha manne, na siku ya kawaida foleni inakwenda. Simu 14 hazihitaji chaneli 14. Je, zinahitaji 8? Kaa mapokezi asubuhi ya pilikapilika uhesabu ni simu ngapi za nje zinazungumza pamoja, zikiwemo zile za mkononi za wafanyakazi wanaoongea na wateja. Kwa duka kama lenu naona 4 zingetosha kuanzia, na uzuri wa SIP ni kwamba chaneli huongezwa bila kuchimba mtaro. Zamani ofisi kubwa ilikuwa inachukua E1, laini moja nene ya kidijitali, inakuja na chaneli 30, utake usitake.

DID ni namba ya nje inayokwenda moja kwa moja kwenye ekstensheni fulani bila kupitia mapokezi. Kumi za nini? Anayezihitaji kwenu ni mikopo, meneja wa Makambako na labda stoo. Kila moja inaweza kuwa na ada yake ya mwezi. Piga mstari, andika 3.

Sasa FXO na FXS, watu wengi huzigeuza. Poti ni tundu la kuchomeka waya. Poti ya FXO inapokea laini ya mezani toka nguzoni. Poti ya FXS inafanya kinyume chake, inatoa mlio wa kupigia kwa simu ya kawaida au mashine ya faksi. Nyinyi mna laini moja ya 025. Poti 4 za FXO ni za nani? Uliza boksi la poti 1 au 2. Zile FXS 2 nisingezifuta: ile simu yenu ya zamani inaweza kwenda kwa mlinzi getini, inafanya kazi vizuri tu, na hailalamiki mkiiangusha kwa bahati mbaya kwenye matope.

Hapohapo kwenye FXO kuna jambo ambalo halimo kwenye profoma na lingepaswa kuwemo: kinga ya radi na waya wa ardhini. Waya wa shaba unaotoka nguzoni ni njia ya radi kuingia ndani. Mbeya, Rungwe, Mufindi, wote tunajua mvua zetu zinavyokuja na ngurumo. Nimeona nyumba moja ya wageni radi imeingia kwa laini ya simu, ikaua poti, ikapita kwenye mtambo, ikamaliza na swichi. Kinga ya laini ya simu ni kitu kidogo cha bei ndogo. Waiandike.

PoE ni umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao. Simu haihitaji adapta wala soketi ukutani. Kwa kiwango cha kawaida, swichi, lile boksi la kuunganishia kebo za mtandao, hutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti, na simu ya mezani inakula wati chache tu. Maana yake ukiweka UPS moja kwenye swichi, simu zote za jengo hilo zinabaki hai TANESCO wakikata. Lakini soma tena mstari wao: swichi moja, poti 24, simu 14. Simu nane tu ndizo ziko Mwanjelwa. Zile za Uyole na Makambako zitapata umeme wapi, au kebo itavutwa kupita Igawa? Ama kila kituo kipate swichi yake ndogo ya PoE, ama simu sita zije na adapta. Na ya Mwanjelwa ikiwa ni ya simu tu, poti 24 ni kubwa.

Kodeki ni namna ya kuibana sauti. G.711 haibani sana, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha bahasha za pakiti inafika kama 87 kwenye kebo. G.729 inabana hadi 8, ikifungwa kwenye pakiti inakuwa kama 31. Kwa hiyo mazungumzo manne ya G.711 yanataka kama kilobiti 350 kwa sekunde kwenda, na hizohizo kurudi. Ni kidogo. Mnachopaswa kutazama ni kasi ya kupandisha, maana matangazo ya intaneti hupenda kutaja ya kushusha. Zote mbili kuwemo ni jambo la kawaida, msilipie.

QoS ni kuiambia ruta kwamba sauti ipite kwanza, mafaili yasubiri. Hii ni kazi ya kweli, wala usiifute. Bila QoS mtu wa stoo akianza kupandisha picha za mzigo, simu ya Makambako inaanza kukatakata. Sauti ina uvumilivu mdogo: shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Na pakiti zikifika kwa vipindi visivyolingana ndipo mafundi wanasema kuna jita, unasikia mtu anaongea kama anatafuna mawe. Ila QoS mnayoweka nyinyi inatawala mpaka mlangoni kwenu. Huko nje kwenye intaneti ya kawaida kila pakiti inajitegemea. Wakikuahidi zaidi ya hapo, waambie waiandike.

Zilizobaki, IVR (sauti ya kumwelekeza mpigaji), foleni, voisimeili (mpigaji kuacha ujumbe wa sauti), muziki wa kusubirisha, kuhamisha simu, sauti ya HD, ni mapambo. Mtambo wa IP wa leo unakuja nazo ndani. Unaweza kulipia ufundi wa kuzipanga, hilo ni haki ya fundi, lakini mstari wa "voisimeili" wenye bei yake peke yake ni utani. HD nayo inasikika mkipigiana ndani. Ukipiga nje kwa laini ya kawaida, mara nyingi inashuka kuwa sauti ya simu unayoijua.

Softifoni nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana ndiyo dawa ya tatizo lako la wafanyakazi kuondoka na wateja. Ni programu inayowekwa kwenye simu ya mkononi au kompyuta, inaifanya iwe ekstensheni. Mteja anapiga namba ya ofisi, bwana shamba wenu anapokea akiwa Chimala kwenye mpunga, kwa intaneti ya simu yake. Akimpigia mteja kupitia hiyo programu, mteja anaona namba ya ofisi. Akiacha kazi, mnafuta ekstensheni 115, basi, namba mliyokuwa mnawapa wateja imebaki kwenu. Kijana wa Soweto, hapo ndipo tunakutana mimi na wewe. Ila dada, uliza leseni hizo 10 ni za kununua mara moja au kwa mwaka. Mitambo mingine haitozi kabisa.


Dada wa Pembejeo amejibu:

Babu shikamoo, na ndaga fijo. Nimeichapisha hiyo yote nimeibandika kwenye faili. Ile ya swichi nimecheka peke yangu ofisini.

Naomba kuongeza maswali. Kwanza B ya wingu, haina boksi kabisa, je si rahisi zaidi? Pili namba yetu ya 025, itabaki? Bosi amesema namba ikipotea na mimi nipotee. Tatu, IVR ngazi tatu ndiyo nini, maana yule kijana aliisifia sana.


Mapokezi Tukuyu amejibu:

Hiyo ya tatu niachieni mimi, nimekaa mapokezi ya hoteli huku Tukuyu, simu hizi nazitumia kutwa.

IVR ni ile sauti ya "kwa mauzo bonyeza 1". Ngazi tatu maana yake ukibonyeza 1 unaambiwa ubonyeze tena, kisha tena. Shoga yangu, mkulima amesimama kwenye kilima anatafuta mtandao, salio linakwenda, wewe unamwambia abonyeze mara tatu? Atakata, atampigia jirani yenu. Wekeni ngazi moja, vitu vitatu visizidi, na Kiswahili kitangulie. Kwetu walianza na Kiingereza, wageni wa ndani wakawa wanakata kabla Kiswahili hakijafika. Na kila mara iwepo njia ya kumfikia binadamu: asiyebonyeza kitu ndani ya sekunde chache aje mapokezi. Sauti irekodiwe na mtu wenu, msomaji mzuri, mahali pasipo na feni.

Mambo ambayo hawatakuandikia kwenye profoma lakini utayatumia kuliko yote ni ya kuhamisha simu. Kuna kuhamisha moja kwa moja: unabonyeza, unamrushia mhasibu, hujui kama yupo. Na kuna kuhamisha kwa kuulizia: unamsubirisha mteja, unaongea na mhasibu kwanza, "wakala wa Chunya yuko hapa", akikubali ndipo unawaunganisha. Mwambie fundi akufundishe zote mbili kwa vidole vyako, asikuonyeshe tu. Na uliza simu ya mapokezi kama ina taa za BLF. Ni vitufe vyenye taa, kila kimoja ni mtu: kijani yuko huru, nyekundu anaongea. Bila hizo unabahatisha siku nzima.

Kundi la mlio na foleni ni vitu viwili. Kundi: simu za mauzo zote zinalia pamoja, wa kwanza kupokea amechukua, wote wakiwa wanaongea mpigaji anapata mlio wa bize au anapelekwa kwingine. Foleni: anashikiliwa na muziki mpaka mtu awe huru. Kwa watu watatu wa mauzo ningeweka kundi miezi ya kawaida, na foleni msimu wa mbolea tu. Muziki uwe mfupi, bila kwaya ndefu.


Swichi Kuu amejibu:

Naongezea la usalama kwa sababu hakuna aliyeligusa na ndilo linalofilisi watu.

Mtambo wa IP ukiwa wazi kwenye intaneti, kuna programu huko duniani zinazozunguka usiku na mchana zikibisha hodi kwenye poti 5060, ambayo ndiyo ya kawaida ya SIP, zikijaribu ekstensheni 100 yenye nywila 100, 101 yenye 101. Zikiingia zinapiga simu za nchi za mbali zenye gharama kubwa, kwa kawaida usiku au wikiendi wakati hakuna mtu ofisini. Bili inakuja kwenu, maana simu zimetoka kwenye tranki yenu.

Kwa hiyo kwenye mkataba wa A mwandike: nywila ndefu tofauti kwa kila ekstensheni, simu za nje ya nchi zifungwe kabisa isipokuwa ya bosi, mtoa huduma wa tranki aweke ukomo wa matumizi kwa siku, na Uyole, Makambako na zile softifoni ziingie kwa VPN, yaani njia iliyofungwa ndani ya intaneti. Nywila ya msimamizi wa mtambo ibaki na nyinyi kwenye bahasha, fundi apewe ya kwake. Nimekuta ofisi fundi kahama mji na nywila, ikabidi mtambo ufutwe uanze upya.

Na kuhusu kurekodi simu: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpigaji aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa, na muamue nani anaruhusiwa kusikiliza na rekodi zikae muda gani. Kwa G.711 saa moja ya mazungumzo ni kama megabaiti 29, kwa hiyo nafasi si tatizo kubwa. Tatizo ni rekodi za madeni ya watu kukaa kwenye kompyuta ya mapokezi.


Babu Waya amejibu:

Marahaba. Mapokezi na Swichi Kuu wamenipunguzia kazi.

PBX ya wingu. Mtambo upo, ila uko kwenye seva za muuzaji, nyinyi mnabaki na simu tu na malipo ya mwezi. Kabla ya bei tazama kitu kimoja: intaneti ikikatika inakuwaje? Mtambo ukiwa Mwanjelwa, intaneti ikikatika mapokezi bado anaongea na mhasibu, na laini ya 025 kwenye FXO bado inapokea. Mtambo ukiwa winguni, intaneti yenu ikikatika huwezi hata kumpigia aliye chumba cha pili. Lakini wingu lina jema lake katika hali hiyohiyo: mtambo wenyewe haujalala, kwa hiyo mteja anayepiga anaweza kupelekwa kwenye simu ya mkononi au softifoni ya mtu aliye nje. Na radi ikipiga inakukuta na simu tu, mtambo uko mbali.

Kwa ofisi ya watu watatu yenye intaneti ya njia mbili ningesema chukua wingu, usiumize kichwa. Kwenu, simu 14, vituo vitatu, na namba ya shaba ambayo ndiyo jina lenu, mimi ningeweka boksi Mwanjelwa. Pia zidisha malipo ya B kwa ekstensheni 14 kwa miezi 36, ndipo uweke kando ya A pamoja na tranki yake ya miezi 36. Hakikisha zote zina VAT ya 18% au zote hazina, wengine huificha chini kabisa ya karatasi. Na "huduma zote zimo" waifungue: dakika za kupiga nje zimo? Kurekodi? Simu za mezani zenyewe ni za kununua au za kukodi?

Namba ya 025. Njia ya salama ni kuiacha kwenye waya wake, iingie FXO, mtambo uipokee na kuigawa. Udhaifu wake ni kwamba waya mmoja unabeba mazungumzo mamoja. Njia ya pili ni kumuuliza mtoa huduma wenu kama namba hiyohiyo inaweza kuhamishiwa kwenye SIP tranki, ili wapigaji wanne waipige pamoja na wote waingie. Jibu litoke kwao kwa barua, si kwa kijana wa mauzo wa A, na usikubali laini ya zamani ikatwe kabla namba haijalia kwenye mtambo mpya mbele ya macho yako. Wakisema haiwezekani, mtabaki na 025 kwenye FXO kama mlango wa wakongwe, na namba mpya ya tranki ndiyo mchapishe kwenye kalenda zijazo.

Jingine ambalo hukuuliza. Wateja wenu wengi wako kwenye mitandao ya mkononi. Kuna kisanduku kinachowekwa laini za simu, za mtandao huu na ule, kinaunganishwa na PBX, na mtambo unapowapigia unatumia bando ya mtandao wao. Kwa biashara yenu kinaweza kuwa na faida kuliko chaneli za ziada. Laini zake zisajiliwe kwa jina la kampuni, kifaa kiwe na idhini ya TCRA, na akitokea mtu anataka "kupitisha" simu za kutoka nje ya nchi kwenye kisanduku chenu kwa malipo mazuri, mfukuzeni. Hilo ni kosa la jinai.


Dada wa Pembejeo amejibu:

Nimefanya hivi. Jana na leo asubuhi nimekaa mapokezi na daftari, mazungumzo ya nje kwa pamoja hayakuzidi matatu, nami nikijumlisha simu za mkononi za mauzo. Huu si msimu lakini. Nimeandika tranki chaneli 4 na kuuliza bei ya kuongeza mbili Novemba hadi Januari tu. DID 3. FXO poti 2. IVR ngazi moja, Kiswahili kwanza. Kinga ya radi, UPS tatu, VPN, ukomo wa simu kwa siku, nywila mbili tofauti. Voisimeili na HD nimezizungushia duara na alama ya kuuliza.

Kijana wa A amenipigia, amesema swichi za Uyole na Makambako "zimo kwenye bei, wala usijali dada".


Babu Waya amejibu:

Kama zimo, hazitamgharimu kitu kuziandika. Mwambie arudishe profoma yenye swichi tatu, poti za kila moja na kituo chake, muhuri na tarehe. Na aandike nani anavuta kebo Uyole, maana stoo ya mbolea ina unyevu na panya, kebo ipite kwenye trankingi ya plastiki, isilazwe juu ya magunia.